Breki ngumu sio upepo jamani

Wiki hii nimeletewa gari ya tatu yenye stori ileile. Jamaa kaja na Noah, breki ngumu kama unakanyaga jiwe, ananiambia "fundi nitolee upepo, nimeshatolewa mara mbili ila bado upo." Mara mbili! Fluidi (mafuta ya breki) imemwagwa, pedi zimebadilishwa, pedeli iko vilevile. Imenibidi niandike maana nimechoka kuielezea hii kitu nikiwa nimelala chini ya gari.

Mi naona neno lenyewe ndo linatuchanganya. Upepo tunaoutoa kule kwenye magurudumu ni hewa iliyoingia kwenye fluidi. Hewa inabonyea, fluidi haibonyei, kwa hiyo ukiwa na upepo kule pedeli inakuwa LAINI, inazama, unapampu ndo inapanda. Upepo wa kwenye busta (wengine mnaita haidrovaki) ni habari nyingine kabisa. Busta ni ile sufuria nyeusi nyuma ya masta silinda (pampu inayosukuma fluidi kwenda kwenye magurudumu), ndani kuna daiframu, yaani mpira mpana unaoigawa pande mbili, injini inanyonya hewa pande zote mbili, ukikanyaga tu hewa ya nje inaruhusiwa kuingia upande wa pedeli na hiyo hewa ya nje ndo inakusaidia kusukuma. Daiframu ya inchi 9 gari ikiwa sailensi (inaunguruma tu bila kukanyaga mafuta) inakuongezea nguvu ya zaidi ya kilo 200. Vakyumu, yaani huo mnyonyo wa injini, ikivuja hizo kilo zote zinarudi kwenye mguu wako, pedeli inakuwa NGUMU na haizami. Laini na ngumu, sasa breki ngumu unaitoaje upepo?

Kupima hakuhitaji mashine. Zima gari, kanyaga mara tano mpaka pedeli ikaze, shikilia, washa. Ishuke kidogo. Isiposhuka busta haipati vakyumu au imekufa. Halafu acha injini iwake dakika mbili, zima, kanyaga taratibu mara tatu, ya kwanza inazama zaidi, ya pili inapanda, ya tatu inapanda tena. Zikiwa ngumu zote kuanzia ya kwanza, vakyumu imeshakimbia. Mwisho kanyaga injini ikiwaka, zima huku umeshikilia, hesabu sekunde 30, pedeli ikikusukuma mguu juu kuna mahali panavuja.

Hapo fundi mwenye haraka anakwambia nunua busta. Subiri kwanza! Chomoa hozi ya busta inayotoka kwenye manifoldi (njia ya hewa kuingia kwenye injini), ikunje kila sehemu, hasa chini ya klempu. Kuna valvu ya kuzuia upepo usirudi, ipulize kwa mdomo, ipitishe kuelekea injini tu. Kwenye hozi nyingi valvu iko ndani kwa ndani na kuna mshale, mshale uangalie injini. Nimeshakuta imefungwa kinyume na mwenye gari kauziwa busta.

Halafu kuna wanaobisha kwamba ingekuwa inavuja sailensi ingecheza. Sio lazima. Ikivuja valvu peke yake, injini ikiwaka husikii chochote, tatizo linaanza ukizima. Na hozi iliyolegea kwa joto inajibana yenyewe ndani ikinyonywa, haivuji hata kidogo ila busta haipati kitu, nje unaiona nzima kabisa. Hiyo imenisumbua siku nzima zaidi ya mara moja. Na ule mlio wa "shhh" mfupi ukikanyaga ni wa kawaida, ukiendelea bila kukanyaga ni valvu ya busta, ila ukiendelea wakati umeshikilia pedeli, kwa kweli bado siwezi kukuapia kama ni daiframu au sili mpaka nimeitoa.

Kwa wenye geji ya vakyumu: Dar utasoma kama inchi 20 za zebaki, injini hiyohiyo Nairobi itakupa 14 au 15 kwa sababu ya mwinuko, na ni nzima. Hiace ya dizeli usitafute vakyumu kwenye manifoldi, kuna pampu yake, nyingi iko nyuma ya altaneta.

Na kabla hujafunga busta nyingine, legeza masta uchungulie nyuma yake. Pakiwa na fluidi sili ya masta imekufa, ile fluidi inakula mpira wa daiframu, na busta mpya itakwenda njia hiyohiyo.

Ya yule jamaa wa Noah nyuma ya masta palikuwa pakavu. Hozi ndo ilipasuka chini ya klempu, ufa mdogo ambao hauonekani mpaka uikunje. Tumebadilisha, nikawasha, pedeli ikashuka chini ya mguu wake. Ndo akaniambia kumbe akifika Kitonga huwa anazima injini mteremkoni abane mafuta. Busta nzima ikizimwa ina akiba ya kukanyaga mara mbili tatu hivi. Ya kwake haikuwa na hata moja.