Nyumba hii haiuzwi: herufi ninazochora bila kulipwa

Mchana nachora vibao vya watu: saluni, duka la dawa, gereji. Mteja anasema anataka nyekundu na njano, namchorea nyekundu na njano. Usiku, nikishakula, natandika karatasi ya manila mezani na kuchora maneno ambayo hakuna aliyenituma. Sharti langu ni moja tu, neno niwe nimelisoma au nimelisikia siku hiyohiyo. "Shusha!" ya abiria aliyepitishwa kituo. "Chenji yangu, konda." "Leo kuna pilau."

Lililonikalisha muda mrefu kuliko yote ni NYUMBA HII HAIUZWI. Aliyewahi kutembea Dar anayajua maneno haya, yamejaa kutani. Labda ni nyumba ya urithi na mmoja wa ndugu ameshaanza kuzunguka na madalali, au tapeli ameonekana akiwaonyesha watu vyumba. Basi anaitwa yeyote mwenye brashi.

Ya mtaani kwetu iliandikwa na fundi aliyeanza kwa mbwembwe. NYUMBA imekaa kifalme, kila herufi na eneo lake. Kufika HAIUZ, dirisha hilo hapo. WI ikabidi ipande juu, ndogondogo, kama watoto waliokosa kiti.

Nilidhani ningeichora usiku mmoja. Nikamaliza karatasi tisa.

Tatizo liko kwenye HII. Ukiitazama kama michoro na si neno, ni nguzo nne zilizosimama: mbili za H, moja ya I, nyingine ya I. Ukipanga nafasi kwa rula, sawa kwa sawa, macho hayaoni neno, yanaona nondo za dirisha. Kisha inakuja HA, na hapo A inakwepesha kichwa na kuacha shimo juu, ingawa rula inakuapia kwamba nafasi ni ileile. Kipimo changu ni tumbo la H, yaani uwazi ulio kati ya nguzo zake mbili. Nafasi kati ya nguzo na nguzo nje ya H nairuhusu ikaribie upana wa tumbo hilo, ipungue kidogo. Mguu wa A nausogeza karibu zaidi na jirani yake. Nikimaliza nageuza karatasi kichwa chini, miguu juu, ili nisiweze kusoma. Mashimo yanajitokeza yenyewe.

Hesabu herufi za sentensi hiyo: ziko 16, na 8 ni irabu. I peke yake imetokea mara 4. Karatasi za mazoezi tulizofundishiwa zilikuwa za Kiingereza, nikachosha mkono kwa Q ambayo kwenye vibao vyangu sijui nimeitumia wapi. Kiswahili kinakutaka uwe na A nzuri, maana utaichora mpaka uichukie. X nayo hatuna neno lake, lakini ndiyo herufi inayotisha kuliko zote mjini, ile nyekundu inayopigwa kwenye nyumba iliyo ndani ya hifadhi ya barabara.

Kubanwa na nafasi hakukuanzia kwa yule fundi. Jina la kanga, yaani ule usemi wake, nalo lina kisanduku chake chini ya mji, ile sehemu ya katikati ya kanga, na maneno yote lazima yaingie mstari mmoja. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ambazo mwandishi akitaka kujaza mstari anaweza kuvuta kiungo kati ya herufi na herufi. Herufi zetu za sasa hazivutiki hivyo. Nilipochora WEMA HAUOZI kwa umbo la kanga, O ilionekana imesinyaa ingawa ilikuwa na kimo sawa na wenzake. Dawa ni kuiacha ivuke mstari kidogo, juu na chini. Jicho linapunja chochote cha mviringo.

Uchoraji una hatari yake: ukishazama kwenye herufi, unaacha kusoma. Niliwahi kumkabidhi mama ntilie kibao cha SUPU YA MBZI, rangi imeshakauka, kivuli cha herufi kimetulia vizuri kabisa. Akakiangalia, akaniangalia. "Mwanangu, huyu mnyama gani?" Tangu siku hiyo nasoma kila kazi kutoka mwisho kwenda mwanzo kabla sijagusa rangi.

Karatasi ya kumi nikaacha kunyoosha. Nikaichora kama ukuta wenyewe ulivyo, NYUMBA pana, WI imepanda juu, ila nafasi za HII nimezisawazisha. Nikampelekea bibi mwenye nyumba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona hiyo WI umeiacha hivyohivyo? Si ungeninyooshea?"

Sasa anataka niuandike ukuta upya, na niongeze WALA HAIPANGISHWI. Nimepima kutoka nguzo ya geti hadi dirishani: mita 3.5. Haitoshi.