Poliadi moja ni chembe ngapi? Tuongee kuhusu chavua ya migunga

Wiki iliyopita tena. Jamaa kaingia maabara na asali kwenye chupa ya maji ya nusu lita, kaiweka mezani kwangu, anasema "Dokta we niandikie tu kuwa hii ni mgunga asilimia mia, si chavua ni kama alama ya kidole bwana." Wa nne mwezi huu! Sijui nani aliwaambia watu hii habari ya alama ya kidole, ila nikimpata atanielewa.

Chavua inakutajia ukoo. Siku ikiwa na moyo mzuri inakutajia mpaka nyumba. Jina la mwenyewe, yani spishi, mara nyingi haikupi, na kwa hii mikunde ya kundi la mgunga ndo kabisa.

Hebu tuanze na jinsi chembe za chavua zinavyotoka kwenye ua. Mathenge (Prosopis) anatoa chembe mojamoja kama mimea mingi tu. Kifauongo anatoa nne zilizoshikana, tetradi ndogo mno, hata maikroni kumi zinafikiwa kwa shida. Kaliandra nane, kubwa, umbo la tone la maji na gundi kwenye ncha. Mgunga na mkenge kwa kawaida ni 16, ndo tunaita poliadi: nane katikati kwa matabaka mawili ya nne nne, nane nyingine zimezunguka pembeni. Ukiitazama kwa juu unaona mpira, ikilala ubavu unaona kitumbua. Wanafunzi wangu kila mwaka wanachora hivyo viwili kama mimea miwili tofauti.

Na hizo 16 hazikugandana kwa bahati mbaya. Kifuko cha chavua cha mgunga kina vyumba nane, kila chumba kinatoa poliadi moja, seli mama nne mara chembe nne kila moja, basi. Watafiti Kenrick na Knox walionyesha mwaka 1982, kwa akasia za Australia, kwamba idadi ya ovuli kwenye ovari haizidi idadi ya chembe kwenye poliadi, na stigma yenyewe ni kikombe kidogo cha kukalia poliadi moja. Yani poliadi moja ikitua imemaliza kazi, punje zote kwenye ganda lile ni baba mmoja mama mmoja. Mimi hili huwa linanifurahisha kila nikilisema, samahanini.

Sasa hapa ndo napandwa na presha: kuhesabu. Tuseme nimehesabu chavua 300 kwenye slaidi ya asali na 40 kati yake ni poliadi za mgunga. Poliadi moja ukiihesabu kama moja, mgunga ni asilimia 13. Mwenzangu akiivunja kichwani mwake akahesabu kila moja ni 16, anapata chembe 640, ukijumlisha na zile 260 nyingine ni 900, asilimia 71! Asali ileile, slaidi ileile, hadubini ileile, na kila mmoja anasaini ripoti yake. Mimi nahesabu moja kwa sababu ilidondoka kutoka kwa nyuki kama kitu kimoja, ila siwezi kukudanganya kwamba hilo linafuta tatizo, maana mgunga unatoa poliadi chache na nzito, kwa hiyo naupunja. Wanaosoma chavua kwenye matope ya chini ya ziwa ili wajue mimea ya zamani wanaijua hii shida, mgunga unaweza kuwa umejaa bonde zima na kwenye matope ukakuta poliadi mbili tatu, afu mtu anaandika hapakuwa na miti. Na asali inatoka kwenye nekta jamani, chavua imeingia humo kama abiria tu.

Haya, jina. Mwaka 2005 kwenye kongamano la kimataifa la wanabotania Vienna, ikathibitishwa 2011 Melbourne, jina Acacia likaenda na miti ya Australia, sisi tukabaki na miti yetu na majina mapya, Vachellia na Senegalia. Watu wanalaumu DNA. Ugomvi wa jina ni wa kanuni za majina, ila makundi yenyewe chavua ilishayatenga zamani, kazi ya Guinet, mtaalamu wa chavua, ilichapishwa Pondicherry, India, mwaka 1969: Vachellia chembe zake zina mifereji yenye vitundu na nguzo ndani ya ganda la chembe, Senegalia ni vitundu tu na ganda la punjepunje. Porini utaambiwa angalia mwiba, ulionyooka Vachellia, wa ndoano Senegalia. Sawa, nenda kwa mgunga wa spishi ya tortilis ukute una yote miwili kwenye tawi moja. Angalia ua basi, la mviringo Vachellia. Nenda kwa spishi ya mellifera, mwiba wa ndoano na ua karibu duara! Hapo chavua inaamua bila kelele, tortilis Vachellia, mellifera Senegalia.

Lakini Senegalia na mkenge, zote 16, zote vitundu? Mkenge mara nyingi ni kubwa zaidi. "Mara nyingi." Nimeshakaa jioni nzima na lenzi ya mafuta kwenye poliadi moja ya saizi ya katikati, nikaenda nyumbani bila jibu, kesho yake nikaamua nyingine kabisa.

Asali ya jamaa nikaitengeneza. Maji ya uvuguvugu, sentrifuji, nikaondoa maji yote kwa asidi ya asetiki (usiporuka hatua hii mchanganyiko haukurukii usoni), halafu ule mchanganyiko wa Erdtman wa kusafisha chavua, anhidridi ya asetiki tisa kwa asidi ya salfuriki moja. Poliadi zilikuwepo za kutosha, mbili zimepasuka. Nikamwandikia: aina ya Senegalia, ipo kwa wingi, spishi haijulikani.

Akasoma mara mbili. "Sasa kwenye lebo niandike nini?"

Andika asali, nikamwambia. Kaondoka, chupa kaniachia.