Linux si ya mafundi peke yao

Ukipita Darajani, Unguja, na laptopu iliyochoka, ukataja kuitia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, hukosi kuambiwa: "Linux? Hiyo ya mafundi, kuandika amri kwenye skrini nyeusi." Miaka ya 1990 neno hilo lilikuwa na ukweli. Ubuntu, aina moja ya Linux, ilipotoka mwaka 2004 mambo yalishaanza kugeuka, na leo unabonyeza vitufe kama kawaida. Hata simu ya Android iliyo mkononi mwako inaendeshwa na kiini cha Linux, na hakuna aliyekwita fundi.

Kinachowatisha wengi hasa ni kupoteza mafaili. Basi usisakinishe kwanza. Itie Ubuntu kwenye flashi, washa kompyuta kupitia flashi hiyo, kisha jaribu waifai, sauti na printa. Diski haiguswi; ukizima na kuichomoa, Windows yako iko pale pale. Ila ukichagua kufuta diski wakati wa kusakinisha, picha za harusi ndiyo zimekwenda, kwa hiyo zinakili kabla.

LibreOffice, programu ya kuandikia nyaraka kwenye Linux, inafungua faili za Word, ingawa jedwali huenda likasogea kidogo. Kikwazo cha kweli ni programu ya hesabu za duka iliyoandikwa kwa Windows tu. Hiyo iulizie mapema.