Kabla ya Kununua Amplifaya, Tazama Mgongo Wake

Malalamiko mengi tunayopokea kuhusu amplifaya za nyumbani, iwe imeungua au imeua spika ndani ya mwezi mmoja, yangeepukika kama mnunuzi angegeuza kifaa na kusoma kibandiko cha nyuma. Hakukisoma, kwa sababu boksi lilishamwambia "PMPO 2000W".

PMPO, eti nguvu ya juu kabisa ya muziki, si kipimo. Hakuna kiwango kinachoeleza ipimwe vipi, kwa hiyo kila mtengenezaji huandika anachopenda. Kibandiko kikionyesha kwamba kifaa hutumia wati 60 za umeme, hakiwezi kutoa muziki wa zaidi ya hizo mfululizo. Amplifaya ya daraja la AB (aina ya saketi ya kukuza sauti) hupoteza karibu nusu kwa joto, hivyo zitabaki kama wati 15 kila upande. Tumelieleza hili mara nyingi. Tafuta RMS (wati zinazotolewa mfululizo), omu (kipimo cha ukinzani wa spika), na maelezo kwamba chaneli zote mbili zilipimwa zikifanya kazi pamoja. "50W x 2, omu 8" ni taarifa; "2000W" ni tangazo.

Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, hizo wati 50 zinatosha na kubaki. Kwenye maelezo ya spika kuna namba kama 88 dB (desibeli): hiyo ni sauti inayotoka kwa wati moja, ikipimwa umbali wa mita moja. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, hivyo kwa spika hiyo wati 16 hukufikisha desibeli 100. Kutoka wati 50 kwenda 100 utalipa pesa nyingi kwa tofauti ndogo masikioni. Bora ununue spika ya 91 dB.

Omu ndizo zinazounguza. Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) huwa omu 4. Mbili za omu 4 huwa 2. Amplifaya iliyoandikwa "omu 4–16" ikipewa 2, mkondo huzidi, transista za mwisho huungua na zinaweza kupitisha umeme wa DC (kama wa betri) moja kwa moja kwenye wufa, spika ya besi. Twita, spika ndogo za sauti nyembamba, nazo hufa kinyume na watu wanavyodhani: mara nyingi amplifaya ni ndogo, imefunguliwa hadi mwisho, sauti inakwaruza, na bado mtu anaongeza. Ikianza kukwaruza, punguza. Kwa waya wa spika, 2.5 mm² ya shaba halisi inatosha hadi mita 10.

Mtumba una mtego wake. Kifaa cha Japani cha "100V 50/60Hz" kinahitaji transfoma ya kushusha hadi volti 100, si 110. Cha Marekani kilichoandikwa "120V 60Hz" pekee ni tatizo zaidi: transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hezi 50 za umeme wa hapa Tanzania, na transfoma ya ndani inaweza kupata joto kupita kiasi.

Hapa nchini, mwagizaji anatakiwa kuwa na cheti cha ukaguzi uliofanyika kabla ya shehena kusafirishwa, utaratibu ulioanza 2012. Bidhaa isiyokidhi kiwango inaweza kukamatwa na kuteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, na mhusika kushtakiwa chini ya Sheria ya Viwango Na. 2 ya 2009. Mnunuzi naye adai risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) yenye modeli, anakili namba ya kifaa, na asimruhusu fundi kukifungua kabla ya kulalamika. Kikishafunguliwa, muuzaji atasema fundi ndiye aliyekiharibu, na hatutakuwa na jibu.

Kuhusu majirani: Kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zinaweka makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na usiku huanza saa 4:00. "Nilizima saa sita" si utetezi.

Mwisho, pini ya ethi, ile ya usalama kwenye plagi. Amplifaya ikinguruma, wapo wanaoikata pini hiyo, na ngurumo kweli hupotea. Badala yake, chomeka amplifaya, televisheni na deki kwenye ekstensheni moja; ikiendelea, chomoa waya wa antena au king'amuzi ujue chanzo. Pini ikikatwa, waya wa umeme ukigusa bodi ya chuma ndani, fyuzi haikatiki, na bodi hubaki na volti 230 ikimsubiri atakayeshika kitufe cha sauti.