Fonti ya kuchorwa kwa mkono ni nini?

Ukipita Ngamiani, Tanga, utakuta vibao vya aina mbili. Vipo alivyoandika fundi kwa burashi, MAANDAZI NA CHAI, M imetanua miguu, A moja imeinama na ya pili imesimama wima. Na yapo mabango ya plastiki yaliyochapwa kwa mashine, ambayo herufi zake nazo zinachezacheza kana kwamba fundi kapita. Hizo za mashine ndizo fonti za kuchorwa kwa mkono.

Fonti ni seti ya herufi zenye sura moja, iliyohifadhiwa kwenye kompyuta. Hii ya mkono mara nyingi huanzia kwenye karatasi: mchoraji huchora kila herufi, huziingiza kwenye programu, kisha kila moja hupewa kitufe chake. Kasoro za mkono huachwa makusudi: unene usiolingana, O isiyofunga vizuri, herufi zinazopanda na kushuka badala ya kukaa sawa juu ya mstari.

Ujanja huo huumbuka herufi inaporudiwa. Mtu haandiki A mbili zinazofanana kabisa. Fonti hurudia ileile. Na Kiswahili chetu kwa kurudia irabu hakijambo: MAANDAZI ina A tatu, KARANGA nayo tatu. Fonti nzuri huwa na sura mbili au tatu za kila herufi, programu ikizibadilisha yenyewe. Nyingine zina herufi kubwa tu, ila kitufe cha herufi ndogo hutoa A ya sura nyingine. Basi unachapa MaAndaZi, na jicho halishtuki. Chapa pia neno ng'ombe kabla hujalipa, kwa kuwa baadhi ya fonti za bure hazina ritifaa. Hizo za bure nyingi huruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Matumizi ya biashara yana leseni yake.

Mahali pake ni maneno machache, makubwa: jina la mgahawa, pakiti ya karanga, fulana, jalada la kitabu cha watoto. Aya nzima inachosha macho. Na ucheshi una mahali pake pia. Comic Sans, fonti yenye herufi za kikatuni, ilibuniwa na Vincent Connare wa Microsoft mwaka 1994, baada ya kumwona mbwa wa katuni kwenye programu moja akizungumza kwa herufi rasmi za Times New Roman. Leo unaweza kuikuta kwenye tangazo la arobaini. Kosa si la fonti.

Kwenye menyu, mimi jina la chakula ningeliandika kwa fonti ya mkono, bei kwa fonti ya kawaida. 1 na 7 za kuchorwa huweza kufanana mno, na mteja aliyesoma 1,500 hatakubali kulipa 7,500.