Mama Akipumzika, Mtoto Atalishwa na Nani?

Katika kazi yangu ya fiziotherapia hapa Mombasa, ninapomuuliza mama wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ni lini alipumzika mara ya mwisho, mara nyingi hunijibu kwa habari za mtoto: usiku hakulala, anakataa uji, kifafa kimerudi. Yeye mwenyewe hayumo katika jibu lake.

Mtindio wa ubongo, hali ya kushindwa kuitawala vizuri misuli na mwendo wa mwili, hutokana na ubongo kudhurika ungali unakua, kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Dhara lenyewe haliongezeki, lakini mtoto huongezeka: aliyekuwa akivushwa feri ya Likoni mgongoni kwa leso akiwa na kilo 9 huja akafikia kilo 25, na mgongo unaombeba ni ule ule.

Kumpumzisha mlezi maana yake ni mtu mwingine kushika zamu kwa muda unaojulikana, iwe saa mbili au siku mbili. Uingereza, sheria ya mwaka 2014 ilimpa mlezi haki ya kutathminiwa mahitaji yake mwenyewe, mbali na ya yule anayemlea. Kwetu, kaya iliyoandikishwa yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa hupewa na serikali shilingi 2,000 kwa mwezi, ambazo humalizikia kwenye nepi na dawa. Kwa hiyo mshika zamu hutafutwa nyumbani: nyanya, shangazi, jirani, na pia baba, ambaye sijui kwa nini hutajwa mwisho.

Hao wote wakisita, sababu huwa ni woga zaidi ya uvivu, na woga mkubwa ni wa kulisha. Una msingi, kwa maana mtoto asiyemeza vizuri akilishwa amelala chali, chakula chaweza kuingia mapafuni na kumletea nimonia. Ndiyo maana mshika zamu namfundisha hilo kwanza: amketishe mtoto wima, kichwa kiiname mbele kidogo, uji uwe mzito, kijiko kiwe kidogo, angoje ameze kabla ya kumpa kingine, na baada ya mlo amwache amekaa kama nusu saa. Mlo mmoja huweza kuchukua saa nzima, na anayeharakisha hafai kwa zamu hii. Saa za dawa ya kifafa huandikwa na kubandikwa ukutani. Kupambanua kilio cha maumivu na cha kuchoka kulala upande mmoja siwezi kukufundisha mimi. Hilo hufundishwa na mamake.

Siku ya kwanza mama hukaa chumba cha pili bila kuingia. Siku ya pili hutoka, walau hadi dukani. Mama mmoja wa Kisauni alipopata Alhamisi yake, nilidhani angekwenda kwa dadake. Kumbe alijifungia na kulala saa nne mfululizo, hata mavyaa wake akanipigia simu kuuliza kama amwamshe.