Kutazama maua na ndege juu ya magenge ya bahari

Watu wengi wakifika juu ya genge la bahari, yaani ukuta wa mwamba unaoshuka hadi majini, wakati wa majira ya joto, macho hukimbilia majini. Nawaelewa, kwa sababu kelele za ndege na harufu ya kinyesi chao hukufikia kabla hujaona chochote. Hata hivyo, mimi humwambia mtu aanze kutazama chini, hapo aliposimama.

Kwenye magenge mengi ya Uingereza utaliona ua la rangi ya waridi lenye kichwa cha mviringo, Armeria maritima, ambalo hushamiri Mei na Juni. Piga magoti ulitazame. Majani yake ni membamba na manene kidogo, yamesongamana kama mto wa kulalia, hivyo upepo hupita juu na unyevu hubaki ndani. Mzizi wake mkuu huzama kwenye nyufa za mwamba, na chumvi inayozidi hutolewa na vitezi vidogo vilivyo kwenye majani. Kwenye udongo wenye rutuba, nyasi ndefu zingeufunika mmea huu upesi. Hapa chumvi na upepo huzidhoofisha nyasi hizo, nao ukapata nafasi. Ugumu wa mahali ndio ulinzi wake.

Ndege nao wamekuja kutafuta ulinzi. Nenda Bempton, katika eneo la Yorkshire kaskazini mwa England, ambako genge la chokaa hushuka wima kwa takriban mita 100. Mbweha hawezi kufika kwenye vidato vile vyembamba vya mwamba. Hapo ndipo Uria aalge, ndege mweusi na mweupe asiyejenga kiota, hutaga yai moja tu juu ya jiwe tupu. Yai hilo lina umbo la tunda la pea, pana upande mmoja na limechongoka upande wa pili. Zamani ilielezwa kwamba umbo hilo hulifanya lizunguke mahali pamoja badala ya kuporomoka, lakini uchunguzi wa mtaalamu wa ndege Tim Birkhead na wenzake umeonyesha kwamba faida kubwa ni kutulia imara kwenye mteremko. Naona maelezo haya yana nguvu zaidi, maana yai lililokwisha kuanza kubingirika pale limeshakuwa hatarini. Rangi na madoa ya mayai hutofautiana sana, na hivyo mzazi hulitambua lake katikati ya msongamano.

Kinda akifikisha wiki tatu hivi, huruka kutoka gengeni jioni, mabawa yakiwa bado hayawezi kumbeba. Baba humwita kutoka majini, kisha huondoka naye baharini na kumlisha kwa wiki kadhaa.

Shakwe aitwaye Rissa tridactyla hunitia wasiwasi zaidi. Tangu 2017 amewekwa kati ya spishi zilizo hatarini duniani. Hutegemea samaki wadogo wembamba wanaojifukia mchangani, ambao wamepungua kutokana na joto la bahari na uvuvi. Mwaka 2024 uvuvi wa samaki hao ulipigwa marufuku katika maji ya England ya Bahari ya Kaskazini, uamuzi ninaouunga mkono kwa moyo wote.

Beba darubini, na usikaribie ukingo, kwa sababu udongo wa juu unaweza kuwa umeliwa chini bila kuonekana. Nenda Juni. Kufikia mwisho wa Julai vidato vingi vya Uria huwa vimebaki vitupu.